Usipeane

Mwezi wa pili mwaka wa 2021 nilitoa majina na namba za simu za watu 611, nikapewa shilingi 3,200. Nimeipiga hesabu hiyo mara kadhaa. Ni bob tano na senti kidogo kwa kila kichwa. Mama yangu, bob tano. Fundi wa viatu wa pale steji, bob tano. Mwalimu aliyenifunza fasihi kidato cha tatu, bob tano. Hata rafiki yangu aliyefariki 2018, ambaye hadi leo nimeshindwa kufuta namba yake, naye alikuwa kwenye orodha. Bob tano.

Wakati ule sikuona kama nauza mtu. Nilikuwa nimekaa kitandani kwa keja yangu Umoja, saa nne usiku. Kazi ilikuwa imeisha Novemba, kampuni ilitupunguza kwa sababu ya korona na haikuturudisha. Landilodi alikuwa amesema asubuhi atakuja na kufuli. Kodi niliyobakisha ilikuwa elfu tatu, na kila mtu niliyeweza kumkopa nilikuwa nimeshamkopa. Kwa hivyo nikapakua moja ya zile apu za mkopo, ile ambayo tangazo lake lilikuwa likinifuata kila nikiwasha simu. Nikaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu. Kisha kikatokea kisanduku: apu hii inaomba kusoma majina na namba zilizo kwa simu yako. Chini yake vitufe viwili, kukubali na kukataa.

Nikakataa. Si kwa sababu ya maadili, nisikudanganye. Ni ile tabia tu ya kukataa kitu ambacho hujasoma. Apu ikanirudisha mwanzo. Nikaanza upya, nikakataa tena, ikanirudisha tena. Mara ya tatu nikakubali, na kabla ya dakika tano kuisha pesa ikaingia. Nilikuwa nimeomba 4,000, zikaingia 3,200. Hizo nyingine walisema ni ada. Baada ya siku saba nirudishe 4,000 kamili.

Siku ya saba sikuwa nazo. Siku ya nane walinipigia mara kumi na moja. Siku ya tisa wakaanza kuwapigia wengine.

Hii sehemu unaijua. Kama haikukupata wewe, ilimpata binamu yako. Mama alipigiwa akiwa kwa mkutano wa akina mama wa kanisa. Aliyekuwa bosi wangu, ambaye bado nilikuwa natumaini angeniita kazini, alitumiwa meseji kwamba mimi ni mwizi na kwamba yeye ndiye nimemtaja kama mtu wa kunilipia. Fundi wa viatu aliniuliza kwa sauti, watu wote wa steji wakisikia, "Buda, kwani ni pesa ngapi hizo?" Niliaibika, nikanuna, nikazoea. Baada ya wiki kadhaa nikalipa, na adhabu juu, ikawa 5,300 jumla. Kama ingeishia hapo nisingekuwa naandika.

Lakini kwenye zile namba 611 kulikuwa na moja niliyoisevu hivi: Jirani Mpya USIPEANE.

Alikuwa jirani yangu wa mlango wa pili mwaka wa 2019. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba, kwa hivyo nilijua mambo mengi ya ndoa yake kuliko nilivyotaka kujua. Usiku mmoja wa Desemba aliondoka na mtoto na begi moja, mimi ndiye niliyembebea begi hadi barabarani. Wiki tatu baadaye akanipigia kwa laini mpya. Alikuwa ameenda mtaa mwingine, sitautaja. Akasema, "Hii namba usipeane. Hata mtu akikuambia ni ndugu yangu, usipeane." Watu waliokuwa nayo tulikuwa wanne. Niliisevu kwa herufi kubwa makusudi, ili siku mtu akiniomba, hata nikiwa na usingizi, nikiona jina nikumbuke.

Siku ile ya tisa simu yake ililia. Mwanaume asiyemjua, sauti ya kikazi. "Naongea na Jirani Mpya Usipeane?"

Aliniambia baadaye kwamba hakusikia mengine. Hakusikia jina langu, hakusikia habari ya mkopo. Alichosikia ni kwamba mwanaume fulani ana namba yake. Akazima simu. Usiku huo yeye na mtoto walilala kabati ikiwa imesukumwa hadi kwa mlango. Asubuhi aliazima simu ya mtu akanipigia, akauliza neno moja tu. "Uliipeana?"

Nikasema hapana. Kisha nikaanza kueleza kuhusu apu, na kodi, na kile kisanduku. Kimya. Akakata. Laini yake mpya ya pili sina, wala sijui kama iko.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali moja. Je, niliposema hapana, nilidanganya?

Mahali pa kwanza nilipotafuta jibu ni kwenye sheria, kama mtu anayetafuta wakili wa bure. Na niseme wazi, sheria yenyewe si mbaya. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo haki ya kutoulizwa wala kufichuliwa mambo ya familia na maisha yake bila sababu. Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Novemba 2019, yaani mwezi mmoja tu kabla ya jirani yangu kubeba begi lake. Kifungu cha 28 kinataka anayekusanya data za mtu azichukue kutoka kwa mtu huyo mwenyewe, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Kifungu cha 32 kinamtwika mkusanyaji mzigo wa kuthibitisha kwamba ridhaa ilitolewa, na kinataka iangaliwe kama ulilazimishwa kuruhusu kitu ambacho hakihitajiki kwa ile huduma uliyoomba. Soma hayo halafu ukumbuke kile kisanduku kilichonirudisha mwanzo mara mbili. Usiku ule nilipobonyeza, sheria hii ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Kamishna wa kwanza wa Data, Immaculate Kassait, alikuwa ameapishwa Novemba 2020, miezi mitatu tu kabla. Ilikuwa sheria yenye meno ya maziwa.

Baadaye ikaota mengine. Mwaka wa 2022 Benki Kuu ilitoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, na ndani yake mkopeshaji akakatazwa kuchukua orodha ya simu ya mteja ili awatumie watu meseji deni likichelewa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza kampuni moja ya mikopo faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba za watu walizopewa na wengine, na kuwatumia vitisho. Siku hiyo hiyo klabu moja na shule moja pia zilitozwa, kwa kuweka picha za watu mtandaoni bila ridhaa. Shule ndiyo iliyolipishwa zaidi, 4,550,000, kwa kuwa picha zilikuwa za watoto. Kwa kampuni, sheria inaweka kikomo cha faini kuwa milioni tano au asilimia moja ya mapato ya mwaka, ile iliyo ndogo. Ndogo, ndiyo. Mimi pia nilisoma mara mbili.

Kwa hivyo kisheria mimi ni muathiriwa. Nilipaswa kufurahi. Lakini kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyoona kwamba sheria inajua watu wawili tu katika kisa hiki, anayekusanya data na mwenye data. Kampuni ni wa kwanza. Jirani ni wa pili. Mimi niliyesimama katikati, niliyeishika namba ile na kuifungulia mlango, sina jina. Kifungu cha 51 kinasema sheria hii haimgusi mtu anayetumia data kwa shughuli zake binafsi au za nyumbani, na orodha ya namba kwa simu yangu ni hiyo hiyo shughuli ya nyumbani. Ni kama sheria inaniambia, wewe kijana, nenda zako nyumbani, haya ni ya wakubwa.

Na nadhani inafanya vyema. Fikiria sheria ambayo ingekushtaki kwa kupeana namba ya rafiki. Nani angebaki nje? Tunaongeza watu kwa grupu za mazishi na harusi, watu mia mbili wasiojuana, bila kumuuliza hata mmoja. WhatsApp yenyewe huomba kusoma orodha ile ile ili ijue nani kati ya watu wako yumo. Tumewahi kuandika namba ya mtu tusiyemjua kwenye M-Pesa, jina lake likitokea tunaghairi, tumeshapata tulichotaka. Sheria ikianza kuingia hapo itakuwa askari wa kila sebule. Iache.

Ila sheria ikikuacha haimaanishi umetoka safi.

Jibu la pili nilipewa na mtu aliyewahi kufanya kazi kwa kampuni ya aina hiyo, si ile yangu. Tulikutana kwa birthday ya mtu Roysambu, tukaongea hadi usiku. Nilitarajia mtu mbaya. Alikuwa kijana wa kawaida, alikuwa amelipwa kwa idadi ya simu alizopiga. Akaniambia hivi: wewe hukuwa na payslipu, hukuwa na shamba, hukuwa na gari. Benki gani ingekuangalia? Ulichokuwa nacho ni watu. Kwa hivyo watu ndio dhamana. Halafu akaongeza kitu ambacho kimenisumbua kuliko vyote. "Kwani chama cha shosho yako hufanyaje?"

Hapo alinipata. Shosho yangu, kule Nyeri, amekuwa kwenye chama tangu kabla sijazaliwa. Nilipokuwa mdogo nilishuhudia akina mama kumi hivi wakiingia kwa boma la jirani aliyeshindwa kulipa. Walibeba sufuria, wakabeba blanketi, wakabeba kuku wawili waliofungwa miguu. Hawakumtukana. Hata walikuwa wanaongea taratibu, na huyo mama aliwasaidia kushika kuku. Lakini ilikuwa aibu, na aibu ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Kila mtu kwenye kile kijiji alijua kwa nini huwezi kuchelewesha pesa ya chama. Basi kuna tofauti gani? Huyu jamaa aliamini kwamba wao walichukua chama wakakitia kwa simu.

Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu, na sidhani kwamba jibu ni kusema chama ni kizuri kwa sababu ni cha kwetu. Chama kinaweza kuwa katili sana. Tofauti niliyoiona ni nyingine. Wale akina mama kumi walikuwa wamekubali. Kila mmoja alikaa kwa benchi siku ya kwanza akajua kwamba anaweza kuingia kwa boma la mwenzake, na mwenzake anaweza kuingia kwa lake. Mdhamini wa kweli huwa anaulizwa, anatia sahihi, na ana nafasi ya kusema la. Pia wale akina mama walikuwa wanamjua. Walijua mume wake ni mgonjwa. Mwezi uliofuata, nakumbuka, sufuria zilirudi kimya kimya, kuku hawakurudi. Anayeweza kukuaibisha kwa haki ni yule ambaye pia anaweza kukusamehe. Fundi wa viatu hakuwa na uwezo wa kunisamehe deni lile. Mama hakuwa nao. Jirani hakujua hata kwamba lipo. Walifanywa wadhamini wakiwa wamelala.

Kwa hivyo namjibu yule jamaa kwamba hawakukitia chama kwa simu. Walichukua aibu ya chama, wakaacha chama.

Lakini angalia, jibu hili linanigeukia. Kama kosa la kampuni ni kwamba watu wale hawakuulizwa, nani alikuwa na nafasi ya kuwauliza? Kampuni haikuwajua. Mimi ndiye niliyewajua.

Katikati ya 2023 kulikuwa na ile foleni ya KICC, unaikumbuka. Watu kwa maelfu walijipanga wakapigwe picha ya mboni ya jicho na mashine ya Worldcoin, wapewe sarafu za kidijitali za kama shilingi elfu saba. Mtandaoni tuliwacheka sana. Ati wanauza macho. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo mwanzoni mwa Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru zile data za mwili zifutwe. Moja ya hoja zilizobishaniwa ilikuwa kwamba ridhaa inayovutwa na zawadi ya pesa si ridhaa halisi. Ni hoja nzuri, na mjadala wetu wote wa data huku Kenya umekaa hapo: je, ridhaa ilikuwa huru? Ulielewa ulichokubali? Ulishawishiwa? Ulikuwa na njaa?

Mimi sikucheka ile foleni. Wale watu walitoa macho yao. Tunaweza kusema walidanganywa, walilipwa kidogo, walikuwa na shida. Lakini jicho lilikuwa lao. Ridhaa yangu mimi inaweza kupitishwa kwenye kila mtihani na bado haisaidii. Tuseme sikuwa na shida ya kodi. Tuseme kile kisanduku kilinieleza kila kitu kwa Kiswahili safi, aya kumi, nikasoma zote nikielewa. Tuseme nilikuwa na wiki nzima ya kufikiri. Ridhaa ingekuwa huru kama ndege, na bado isingekuwa yangu kuitoa.

Kiswahili kinajua jambo hili bila hata kujaribu. Tunasema "nina namba yake." Nina, lakini ni yake. Maneno matatu, na mtu wawili tayari wako ndani. Wanasheria wetu wanaongea kuhusu "mwenye data", kana kwamba data ni kiatu, ina mwenyewe mmoja, na akiitoa imetoka kwake tu. Namba ya jirani haikuwa hivyo. Ilikuwa yake, na ilikuwa kwangu, na ilikuwa kwangu kwa sababu aliiweka.

Kuna neno la kitu kama hicho, nalo ni la zamani kuliko simu. Amana. Mtu anasafiri, anakuachia mbuzi, au pesa, au siri. Si zawadi, si mkopo. Huwezi kusema ni chako kwa vile kiko kwako. Na watu wa zamani walikuwa na akili ya kupambanua. Ukiweka amana vizuri, mwizi akavunja akaiba, hakuna atakayekudai. Umefanya sehemu yako. Ukizembea, hapo kuna maneno. Lakini ukiichukua amana ya mtu ukaenda kuiweka rehani kwa shida zako, hata kama ulikusudia kuikomboa wiki ijayo, hata kama watoto wako walikuwa wanalia, hilo ni jambo lingine kabisa. Mbuzi hakuwa wako wa kuweka rehani.

Basi ndivyo nilivyofanya. Kampuni haikuvunja mlango wangu. Mimi niliitoa namba iliyoandikwa usipeane kwa herufi kubwa, pamoja na nyingine 610, nikaiweka mezani kama dhamana ya shilingi 3,200. Kwamba sikuangalia jina lake wakati nabonyeza ndiyo hali halisi, na pia ndiyo tatizo. Amana huvunjwa hivyo siku hizi, kwa jumla, bila kuangalia majina.

Kwa hivyo nilidanganya. Niliipeana.

Najua utakaloniambia, maana nimejiambia mwenyewe. Ulikuwa unatupwa nje, bana. Huwezi kumdai mtu mwenye kufuli mlangoni awe na maadili ya mtu aliyeshiba. Kuna ukweli hapo na sitaki kuupuuza. Waliotengeneza kile kisanduku walijua vizuri ni nani angekuwa amesimama mbele yake na saa ngapi za usiku. Walijua kitufe cha kukataa hakifanyi kazi, ni pambo. Kumwambia mtu kama yule kwamba angepaswa kulala nje ili kulinda orodha ya namba ni rahisi ukiwa umekaa kwa mkahawa na kompyuta. Pengine nisingeweza. Pengine leo pia nikirudishwa usiku ule, na landilodi yule, nitabonyeza.

Lakini lawama si ugali, kwamba nikimegewa donge kubwa mwingine atabaki na dogo. Kampuni inaweza kubeba yote na mimi pia nikabeba yote. Nimeona watu wengi, nami nikiwemo, tukisoma taarifa za faini zile kwa furaha ya mtu aliyesafishwa. Wamepigwa, tumelipiziwa. Jirani yangu hakutokea kwenye furaha hiyo mahali popote. Ili alalamike kwa Kamishna angehitaji kwanza kujua kampuni ipi ina namba yake, na mtu pekee aliyekuwa anajua alikuwa mimi, ambaye yeye hakutaka tena kuniongelesha.

Hebu tazama daftari la getini. Ukienda kumtembelea mtu kwa fleti, askari anakupa daftari lenye kalamu iliyofungwa na uzi. Unaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, na unakoenda. Ukiandika unasoma waliokutangulia, kila mtu husoma, usijifanye. Juni 2021 Wakenya wengi waligundua kupitia eCitizen kwamba wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Malalamiko yakamiminika kwa Kamishna, na mtaani kila mtu alitaja daftari fulani aliloandika jina lake. Tulikasirika sana. Lakini mimi nilichofikiria ni askari. Mtu wa zamu ya usiku, anashika majina ya wageni mia moja, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ameachiwa kitu. Amepewa daftari tu. Siku mtu akija na elfu mbili akiomba "kuangalia kidogo", anachokiona askari ni karatasi.

Ndivyo nilivyokuwa mimi na simu yangu. Hakuna aliyeniambia nimeachiwa kitu. Isipokuwa mmoja, ambaye aliniambia, tena mara mbili, nami nikaandika kwa herufi kubwa.

Siku hizi mambo yamebadilika kidogo. Tangu mwisho wa Mei 2023 Google hairuhusu apu za mikopo zilizo kwenye duka lake zisome orodha ya namba. Mimi nami nimebadilika kidogo. Mtu akiniomba namba ya mwingine nasema ngoja nimuulize, na watu hukasirika, wanadhani najifanya. Mama haelewi kabisa. "Ni namba tu," anasema, yeye ambaye alipigiwa katikati ya sala. Majina kwa simu yangu sasa nimeyaandika kwa njia ambayo hata mimi wakati mwingine sikumbuki ni nani, jambo ambalo halina faida yoyote.

Nilijaribu pia kuomba ile orodha ifutwe. Sheria inanipa haki ya kuomba data yangu iondolewe, nami nikaandika barua nzuri, nikataja na vifungu. Ile apu ilikuwa imetoweka kwenye duka, namba zao zilikuwa zimezimwa, anwani ya barua pepe ilirudisha ujumbe. Lakini hata nilipokuwa naandika nilisita kwenye sentensi moja. Nilikuwa nimeandika "naomba mfute data yangu" na nikashindwa kujua kama namba ya jirani iko ndani ya hilo neno yangu.

Ile namba bado ninayo. Sijaifuta, kama vile sijaifuta ya rafiki aliyefariki. Jirani Mpya USIPEANE. Kwa zaidi ya mwaka haikuwa na picha, duara la kijivu tu. Halafu mwaka jana nikiwa natafuta kitu kingine niliona picha imetokea. Mwanaume wa makamo, amesimama kando ya bodaboda nyekundu iliyooshwa vizuri, mtoto amekaa kwenye tangi. Laini imepewa mtu mwingine. Simjui, hanijui. Na mahali fulani, kwenye kompyuta ya watu ambao sina njia ya kuwapata, kuna orodha yenye namba yake, na kando ya namba hiyo jina langu.